Ni na Si

Vilnis alipiga simu saa mbili kasoro robo asubuhi,
theluji ya Machi bado imelala juu ya magari
kama unga aliousahau mtu.
Hakuwa na hasira. Hasira ningejua la kufanya nayo.
Alisema tu, taratibu, kama anayesoma mita ya maji:
"Mke wangu yupo kwenye ukurasa wenu wa tanzia,
na juu ya kichwa chake kuna tairi linacheza."

Nikafungua. Kweli.
Dzidra Strautmane, mwalimu wa jiografia,
ameacha mume, kaka mmoja Ventspils, na mizinga sita ya nyuki.
Na juu yake, bango jekundu:
MATAIRI MANNE KWA BEI YA MATATU!
likizunguka, likirukaruka, likikonyeza jicho.

Mimi ndiye niliyeijenga tovuti ya gazeti hili,
mwaka ule nilipokuwa nalipwa kwa siku.
Kiolezo kimoja, kanzu moja, avae kila mtu:
ivae hali ya hewa, yavae matokeo ya magongo,
kivae kifo.
Nikasahau kitu ambacho hata mtoto anakijua,
kwamba nguo ya arusi haiendi matangani.

Basi nikaandika:

kama ukurasa ni wa tanzia
      onyesha bango
la sivyo
      acha wazi
mwisho wa kama

Nikahifadhi. Nikaenda kuchemsha kahawa.

Dakika kumi na moja.
Kwa dakika kumi na moja matairi yalihama mji mzima,
yakaondoka kwenye habari za daraja, kwenye mapishi ya maboga,
yakaenda kukusanyika yote makaburini.
Nilikuwa nimeandika *ni* pale palipotaka *si*.
Herufi moja. Mashine haina haya ya kuuliza,
"Ndugu, una hakika?"
Inatii, kama mjakazi aliyekwisha kukasirika.

Nikarekebisha. Mikono ilikuwa inanitoka jasho.
Gunārs wa duka la matairi akapiga: mbona haonekani kote, kalipia kote?
Nikamwambia, kuna mahali hupaswi kuonekana, Gunārs.
Akakaa kimya, nikasikia spana ikianguka sakafuni.
"Strautmane?" akauliza. "Alinifundisha mito."
Akakata.

Jioni Vilnis akapiga tena. Nikajiandaa kwa shukrani,
nikaweka sauti ya mtu asiyezitaka.
Hakuwa na shukrani.
Alisema pale juu sasa ni peupe mno.
Alisema Dzidra, miaka arobaini na minne,
alianza gazeti kwa hali ya hewa, kisha ndiyo dunia.
Je, mtu anaweza kuweka hapo hali ya hewa?
Hapo tu. Kwake yeye tu.

Mhariri wangu Skaidrīte atasema ni upuuzi,
sharti zima kwa ukurasa mmoja, mzigo kwenye msimbo;
kesho atakuja mwingine atake ndege, au mbwa wake.
Na atakuwa amesema kweli.
Nikaandika hata hivyo, baada ya ofisi kufungwa,
nikisoma kila neno kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza:

kama ukurasa ni wa 20417
      onyesha hali ya hewa, Kuldīga

Sikuandika *la sivyo*.
Sikuwa na la sivyo.

Sasa ni Novemba. Tanzia nyingine zimepanda juu ya yake,
hakuna anayeshuka mpaka kule chini
isipokuwa mtu mmoja, kila siku, saa mbili kasoro robo:
namwona kwenye hesabu ya wageni, tarakimu moja, haikosi.
Pale juu ya jina lake seva inaendelea kuandika
kwa mtu ambaye haitaji tena mwavuli:

Leo nyuzi nne chini ya sifuri.
Upepo kutoka magharibi.
Mto Venta unaanza kuganda kingoni.